Bahari Imenilevya Nikiwa Sebuleni, Kamina

Leo nimevuliwa nguo hadharani. (Si nguo za kweli. Afadhali zingekuwa za kweli.) Na kabla hamjaanza na "pole Odette, ilikuwaje?", jueni kwamba nina hasira. Nina hasira na kaka yangu, na shemeji yangu, na Tante Julienne, na réseau ya simu, na bahari yenyewe.

Kaka yangu mkubwa Donatien, yule anayeishi Ulaya, anaadhimisha ndoa yake. Akasema hataki karamu ya kuku na bia. Anataka atukusanye ndugu zake wote tupande boti ya matanga, ile ya kukodi yenye vyumba vya kulala na kapiteni wake, tuzunguke visiwa vya Shelisheli, kimoja baada ya kingine. Analipa yeye. Wa kupanga?

"Odette. Odette njo mwalimu wa jiografia."

Sawa. Nikapanga. Niliacha kusahihisha mitihani ya watoto wa watu, nikachora njia: tunaanzia Mahé, tunalala Praslin, tunamalizia La Digue. Nikasoma upepo. Nikasoma mikondo ya maji. Mimi wa Kamina, mbali na bahari, ambaye maji makubwa niliyowahi kuvuka ni mto Lualaba pale Bukama, tena darajani, ndani ya treni!

Wiki iliyopita Tante Julienne, mdogo wa marehemu mama yetu, aliniuliza kama mawimbi hayatamchafua roho. Nikamcheka. Nikamwambia: "Tante, kutapika ku maji iko mambo ya kichwa tu. Muntu wa masomo anajikaza." (Ndivyo nilivyosema. Mashahidi wapo, na leo wote walikuja.)

Maana leo, baada ya ibada, tulikuwa na miadi ya kuongea na kapiteni kwa vidéo. Simu yangu ingetosha kabisa. Lakini shemeji yangu Faustin, mume wa mdogo wangu, mtu wa reli, hawezi kuona kitu kidogo bila kukifanya kikubwa. Akaazima projekta ya parokia, ile ya kuonyeshea filamu za injili. Akatundika shuka ukutani. Akafunga mapazia. Akawasha jenereta. Akaleta spika. Akaleta na pasteur!

"Faustin, pasteur wa nini? Tunaongea na kapiteni tu."

"Weye acha. Bahari haiko mutoto. Lazima maombi."

Basi, sebule ikajaa. Tante Julienne kiti cha mbele. Pasteur pembeni yangu. Faustin na mdogo wangu. Majirani wawili ambao hakuna aliyewaita. Wote tumetoka kula ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese, na samaki thomson wa kukaanga. Nilikula vizuri. (Nilikula sana.) Kwenye simu alikuwepo Donatien huko Ulaya, na mume wangu Albert, ambaye anachunga ng'ombe zetu kule Kaniama. Albert alikuwa anasikia sauti tu, picha haimfikii. Na hajarudi nyumbani tangu mvua zilipoharibu barabara. Hilo la Albert mlishike vizuri.

Kapiteni akatokea ukutani. Kichwa chake peke yake kilikuwa kama mlango! Mzungu mwenye ndevu nyeupe, mpole, Kifaransa chake cha polepole. Alikuwa ndani ya boti yenyewe, katikati ya bahari.

"Bonjour Kamina!"

Tante Julienne akampungia mikono miwili kama anapokea askofu.

Nikauliza maswali yangu. Niliuliza vizuri, jamani! Maji ya kunywa, majaketi ya kuokolea, mahali pa kutia nanga. Kapiteni akasema, "Madame, naona wewe ni mtu wa bahari." Pasteur akanitazama kwa heshima. Nikanyoosha shingo.

Tungeishia hapo! Kwa nini hatukuishia hapo?

"Ngojeni niwaonyeshe boti," kapiteni akasema. Akashika simu yake mkononi, akaanza kutembea.

Ukuta wangu ukaanza kucheza. Bahari ikapanda mpaka kwenye dari, ikashuka mpaka miguuni kwa Tante. Ikapanda. Ikashuka. Akaingia jikoni, jiko likalala ubavu. Akapanda ngazi, mbingu ikawa chini. Na lile giza la mapazia, na moshi wa jenereta unaopenya dirishani, na yule thomson ndani ya tumbo langu akaanza kuogelea.

Nikaomba moyoni réseau ikatike. Réseau ya Kamina! Réseau inayokufa kila nikimpigia mwanangu Lubumbashi, inayokufa hata kabla hujamaliza kusema "allô"! Leo ilisimama imara kama nguzo ya daraja. Picha safi. Haikuganda hata kidogo. Siku zote imenikasirisha kwa kukatika, lakini leo, kwa kutokatika, imevuka mpaka.

Nikashika kiti. Mate yakajaa mdomoni. Pasteur akaninong'oneza, "Mama Odette, iko sawa?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba niko sawa.

Halikutoka neno. Ilitoka sombe.

Ilitoka kwa nguvu, na ikaenda moja kwa moja kwenye viatu vya pasteur, vile vya ngozi nyeupe anavyovaa Jumapili tu.

Kapiteni yeye bado anatembea: "Na hapa ndipo mtakapolala..." Kitanda kikainuka. Nikatapika tena.

Mnadhani aibu iliishia hapo? Tante Julienne aliruka kutoka kwenye kiti, mikono juu, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka gare ya treni.

"Odette iko na mimba! Mungu anasikia! Iko na mimba!"

Mimi nina wajukuu!

Majirani wakapiga makofi. Mdogo wangu akaanza kulia kwa furaha. (Mdogo wangu ni muuguzi! Ni muuguzi, na alilia kwa furaha!) Na kutoka kwenye spika ya Faustin, ikaja sauti ya Albert kutoka Kaniama, taratibu sana:

"Mimba ya nani?"

Makofi yakakatika.

"Albert, haiko mimba!" nikapiga kelele, na mdomo wenyewe hata sijaufuta.

"Minyi niko Kaniama tangu mvua. Odette. Mimba ya nani?"

"Iko bahari, Albert! Bahari!"

"Bahari gani? Hatuyaondoka hata!"

Faustin angeweza kuzima ile spika yake. Angeweza kunyamaza. Badala yake akajisogeza akasema, "Shemeji, tulia kwanza. Pasteur iko hapa."

Mtu anauliza mimba ya nani, na wewe unamjibu "pasteur iko hapa"?

Albert akauliza: "Pasteur anafanya nini kwangu?"

Pasteur, maskini, amesimama na sombe inamwingia kwenye soksi. Akainamia simu. "Ndugu Albert, minyi nilikuja kubariki safari tu."

Kapiteni ndiye aliyeniokoa. Aliacha kutembea, akauliza kuna nini. Donatien akajaribu kumweleza, lakini alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Kapiteni akaelewa mwenyewe. Akasema kwa sauti ya daktari: madame ana mal de mer, amelevywa na bahari. Macho yanaona mawimbi, mwili umekaa tuli, kichwa kinachanganyikiwa. Inawapata hata mabaharia.

"Mal de mer hapa Kamina?" Faustin akauliza. "Ndani ya salon?"

"Muntu wa masomo anajikaza," akasema Tante Julienne, akirudi kitini polepole. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia viatu vya pasteur.

Albert naye sasa alikuwa anacheka, tena kwa spika ileile, mpaka nikasikia ng'ombe wanamjibu. Nilifurahi kwamba anacheka. Nilikasirika kwamba anacheka.

Kisha Faustin akakohoa kidogo, kama mtu mwenye busara. "Labda Odette abaki. Alinde nyumba. Mpango uko tayari, tunaweza kwenda bila yeye."

Nikasimama na ile ndoo waliyoniletea ya kutapikia mkononi.

"Faustin! Minyi njo nilitafuta boti. Minyi njo nilichora njia. Weye hujui hata kama Praslin iko kisiwa ao dawa ya kikohozi! Nitaenda. Nitatapika kisiwa kwa kisiwa, lakini nitaenda!"

Donatien akasema kutoka Ulaya, safari hii bila kucheka: "Odette anaenda. Basi." Kapiteni akaahidi kunilaza katikati ya boti, pasipotikisika sana, na kuniwekea tangawizi. Pasteur akasema amina.

Nikadhani yameisha. Jioni nikaenda sokoni kununua sabuni. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye sijawahi kuongea naye zaidi ya bei, akanishika mkono.

"Mama mwalimu, tulisikia. Mungu iko mukubwa!"

Akanitilia mfukoni kipande cha pemba, ule udongo mweupe wanaotafuna wajawazito. Bure. Nikasimama pale nikamweleza yote: projekta, kapiteni, mawimbi, mal de mer. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa huruma nyingi. Kisha akaniongezea kipande cha pili.

"Njo vile, mama. Ku mwanzo ya mimba muntu anaongeaongea."

Nimetafuna vyote viwili njiani. Funzo nililopata ni hili: ukitaka kwenda mbali, panga kimya, nenda kimya, urudi ndipo useme. Na ninyi mnaonitumia zile sura ndogo zinazolia kwa kicheko, acheni. Nawaona wote mko en ligne, hewani kwenye kundi hili, na majina nimeyaandika.