Kitako cha Risasi Ndani ya Mkoba

Aliyekaza ni mimi. Miaka thelathini nimekana, na leo nimeumbuka mbele ya foleni nzima, uwanja wa ndege wa Riyadh.

Marehemu baba alikuwa fundi wa bunduki kwenye klabu ya kulenga shabaha kule kwetu Tanga. Maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa aliyajaza upya, na wasaidizi wake tulikuwa wawili tu: mimi na kaka Bakari. Maganda yenyewe yana umbo la chupa, yana shingo na bega, na kitako chenye ukingo. "Ukingo ndio unaolishika ndani ya bunduki," baba alitufundisha. "Bega liguseni kidogo tu." Maana ganda likipigwa hurefuka. Ukilirudisha bega nyuma kila mara, litarefuka tena na tena, likonde juu ya kitako, mwisho likatike.

Mimi nilitaka yapendeze kama mapya. Nikaikaza kalibu, ile inayolirudisha bega nyuma, mpaka mwisho. (Nilikuwa na miaka kumi na saba. Hakuna nisilolijua.)

Siku ya mashindano ganda likakatika ndani ya bunduki ya baba. Kitako kikatoka, nusu ya mbele ikagoma humo humo. Uwanja mzima ukacheka. Baba akarudi nyumbani na kitako kiganjani.

"Nani alikaza?"

"Si mimi!"

Bakari akanitazama. Kisha akasema, "Basi ni mimi, baba."

Baba akaifunga mashine ya kujazia kwa kufuli, asijaze tena risasi hata moja. Tangu hapo kila Idi ni kicheko: Bakari mkazaji! Mimi nilicheka kuliko wote. Kile kitako nilikiokota, nikakificha kwenye kikopo cha vifungo. Kikaja nami mpaka huku Riyadh ninakofundisha.

Leo jioni Bakari anapasuliwa moyo, Jeddah, alikokuwa karani wa bandari miaka yote. Nikaapa: nitamwekea kitako mkononi, nitamwambia kabla hajalazwa chini ya kisu. Nikakitia kwenye mkoba.

(Ndiyo. Kwenye mkoba. Uwanja wa ndege. Nina shahada mbili.)

Mashine ya ukaguzi ikalia. Askari akakitoa kwa vidole viwili.

"Nini hii, madam?"

"Ganda tu. Tupu. Nusu."

"La risasi?"

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamweleza, kwa Kiarabu changu cha vitabuni, habari za ukingo na bega na kukonda. Wakaja askari wengine wawili. Nikaanza upya, nikafika kwa baba, nikafika kwa kufuli, nikalia kwa sauti. Mama mmoja Mkenya nyuma yangu akaguna: "Woi, dada, si ungewaambia tu ni kidani?"

Saa mbili nzima kwenye chumba chao. Karatasi tatu za kutia sahihi. Kitako wakakichukua. "Halas, madam, nenda." Ndege ilikwishaondoka.

Nimekaa sakafuni, simu ikaita. Bakari.

"Mwana, umefika wapi? Wananiita."

"Kaka, nimekwama Riyadh. Kaka... aliyekaza ni mimi."

Nikasikia magurudumu ya kitanda.

"Najua. Kwenye mashine tulikuwa wawili tu."

"Nisamehe. Na baba aliondoka akidhani ni wewe."

"Baba? Wiki ile mkono wangu ulikuwa umeteguka, umesahau? Ni yeye aliyekuwa akinikanda kila asubuhi. Ningekaza kwa mkono gani?"

(Nilikuwa nimesahau. Miaka thelathini, sikuukumbuka mkono.)

"Sasa mbona hakuniuliza?"

"Nilimwambia akuulize. Akasema, mwache, atakuja mwenyewe. Hata alipozidiwa, mlango ukigongwa alikuwa anasema: huyo Mwana, labda amekuja kusema."

Nilikwenda kumwona mara nne mwaka ule aliougua. Nilimpelekea machungwa.

"Yalla, wamenifikia," kaka akasema. "Panda basi. Ukifika nitakuwa nimeamka. Na usilie, watu watakucheka."

Akakata. Wameshacheka, kaka. Nyinyi wengine mnaosoma haya, naomba mnipumzishe na kicheko kwa leo.