Mnyororo wa Sesilia Hautaki Kujikunja

Jumatatu, 4 Mei 2026
Mwalimu Twaha, aliyerithi vipindi vya baiolojia vya marehemu mke wangu Sesilia, ameniamkia shikamoo kisha akanichoma. Ati mnyororo wa Sesilia haujikunji. Usipojikunja Ijumaa, siku ya wazazi, unatoka maabara. Ana adabu kweli!

Shanga arobaini za mbao nilizichonga mimi: rangi nne za herufi A, U, G na C, sumaku ndani, mfano wa RNA, ule uzi unaobeba maagizo ndani ya chembe hai. Sesilia aliutia sandukuni, akatikisa kwa nguvu, kisha polepole, polepole zaidi. Kutikisa ndiko joto, alisema. Likishuka taratibu, A anampata U wake, G anampata C, na uzi unajikunja wenyewe kuwa jani la pande tatu. Dakika ishirini. Mkono mmoja sandukuni, mwingine ukigeuza viazi.

Jumanne, 5 Mei
Nimetikisa dakika mbili. Bonge! Sumaku zimechoka, hakika. Nimeng'oa kubwa za spika.

Jumatano, 6 Mei
Sumaku mpya zinakamata chochote zinachokutana nacho kwanza, haziachii. Bonge gumu kuliko la jana. Limenasa hadi funguo za Twaha. Akauliza mbele ya wanafunzi kama huu ni ugonjwa mpya, Mzee Valentino. Wamecheka! Nimerudisha sumaku za zamani.

Alhamisi, 7 Mei
Nimepitisha uzi wa nailoni ndani ya shanga. Nitavuta chini ya meza. Sesilia angenuna. Lakini jina lake limeandikwa mahali pawili tu: msalabani na kwenye sanduku hili.

Ijumaa, 8 Mei
Uzi wa nailoni umekatika mbele ya mkuu wa shule! Twaha akanipa pole huku mabega yakimtikisika. Paskalina, mhudumu wa maabara tangu enzi za Sesilia, akaninyang'anya sanduku. Shemeji, kaa chini, akasema, una haraka kama mtu aliyeachwa na basi la Tanga. Akatikisa, akapunguza, akapunguza. Wazazi wakapiga soga. Chai ikapoa. Dakika ya ishirini, jani la pande tatu! Twaha mwenyewe akalipandisha rafuni, akasema litabaki. Nimelia kidogo. Nimesingizia vumbi la chaki.

Jumamosi, 9 Mei
Jina la Sesilia liko salama. Lakini dakika ishirini! Nimemwendea Nassoro wa mashine ya kusaga. Ana mota isiyotumika, itanitikisia sanduku. Akauliza nataka mwendo kiasi gani. Nimemwambia anipe wote.