Orodha ya Simu kwa Mstari Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi ofisi hii ingeshafungwa zamani. Mkurugenzi anataka namba za simu za wafanyakazi wote zitolewe kwenye saraka ya kompyuta ziwe orodha moja kufikia Alhamisi. Atakayefanikiwa anapewa chumba chenye dirisha! Karani wa mapokezi akasema atajaribu. Nikatangaza kwamba Python, ile lugha ya kuiamuru kompyuta, naiandika nimefumba macho. Nimefundishwa na mpwa wangu siku mbili nzima.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika mstari mmoja tu wa Python: kwa kila mtu, chukua kila namba, weka kwenye orodha. Wenye simu mbili wametoka safi. Mkurugenzi ana simu moja. Katoka na kumi! Sifuri peke yake, saba peke yake, kila tarakimu na mstari wake. Karani akauliza kama bosi tumpigie kwa mafungu. Nikamjibu huo ni usalama.

Jumatano, 5 Machi
Mpwa kasema, Mjomba, mwenye simu mbili kahifadhiwa kama orodha, mwenye moja kama maandishi, na maandishi ukiyapitia yanakatika herufi moja moja. Kagua aina kwanza, humo humo ndani ya mstari. Nikamkatiza, nimeelewa! Nikaongeza: chukua ikiwa ni orodha. Tarakimu zimeondoka. Mkurugenzi naye kaondoka, na wenzake thelathini na mmoja wenye simu moja. Karani kacheka mpaka kashika meza.
Nikampigia tena mpwa. Akashusha pumzi. Ikiwa ni orodha, ichukue ilivyo. Ikiwa ni maandishi, yafunge kwanza ndani ya orodha. Kingine chochote, acha.

Alhamisi, 6 Machi
Imekubali! Mkurugenzi kanisifu mbele ya wote, kisha akatafuta namba yangu humo anipigie rasmi. Hakuiona. Akasema orodha isiyo na mwandaaji wake haijakamilika. Chumba kapewa karani.

Ijumaa, 7 Machi
Sina kinyongo. Dirisha lile linapigwa na jua, karani atapauka. Nimeshamwahidi mkurugenzi orodha ya funguo zote za jengo kufikia Jumatatu, kwa nusu mstari. Mpwa sijamwambia, hana haja ya kujua kila kitu.
Ila nikiri hapa, hakuna anayesoma: kwenye saraka namba yangu niliingiza mwenyewe, Jumatano usiku. Mpwa alisema niizungushie alama za nukuu, iwe maandishi. Nikaona alama ni za watu wasiojulikana, nikaiacha tarakimu tupu: si orodha, si maandishi, ni kingine chochote.