Feni ya Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi. Mjukuu wangu, bibi harusi, ameamua: Jumamosi nitampeleka harusini mimi, kwa gari langu. Si Shemeji, kaka wa mke wangu, na gari lake jipya linalong'aa kama kigae cha bafuni. Kaninunia mpaka chai yake ikapoa. Mke wangu kaweka sharti: siku hiyo gari likikataa kuwaka, bibi harusi anahamia gari la Shemeji. Sharti dogo.

Jumanne, 4 Machi

Bibi harusi asitoke jasho. Nimenunua feni ndogo, nikaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara garini. Feni yenyewe ina matundu mawili ubavuni, nikachomeka chaja ya simu. Kisha tochi. Nimeviacha humo humo. Tangu tulipoondoka kwetu gizani, tochi ikatufia njiani, sipati usingizi kitu changu kikiwa hakijajaa umeme. Vijana hucheka. Hawajawahi kuhama mbiombio.

Jumatano, 5 Machi

Gari kimya. Tik, basi. Nimemwita fundi umeme wa magari, nikamwambia mke wangu ni fundi bomba. Fundi kaunganisha waya kutoka betri yake, gari likaamka. Kasema tundu langu hunyonya betri hata gari likizimwa, nichomoe vyote. Nikamuuliza: ufunguo uko mfukoni mwangu, umeme unatoka kwa ruhusa ya nani?

"Mzee," akasema, "betri haiujui mfuko wako."

Nimechomoa, kwa shingo upande. Alipokuwa akiondoka, mke wangu kamvuta jikoni akamtazamie bomba. Maskini kalitazama. Sasa linavuja.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja kuoshea gari lake mbele ya dirisha letu. Uchokozi mtupu. Nami nimepata kifaa chenye taa ya kijani kinacholinda betri. Huchomekwa kwenye tundu lile lile. Muuzaji kanipa na kigawanyio cha matundu matatu. Mlinzi wangu huyo kachukua moja. Mawili yamekaa bure, na mimi sipendi uvivu, kwa hiyo nimerudisha feni na chaja. Fundi alisema nichomoe. Hakusema nisichomeke tena.

Jumamosi, 8 Machi

Tik.

Bibi harusi keshakaa nyuma, shela imejaa hadi dirishani. Shemeji kasogeza gari lake, kafungua mlango, kavaa uso wa msibani. Mke wangu kalikumbuka sharti. Alinyoosha kidole tu kuelekea gari la kaka yake. Nikashika usukani kama mtu anayeagana na nyumba. Nyumba za kuagana nazo nimekuwa nazo nyingi.

Mjukuu hakutikisika. "Mimi sishuki," akasema. "Babu wa gari jipya, vua koti, sukuma."

Akasukuma! Shemeji, na suti yake ya krimu, na ndugu wa bwana harusi nyuma yake. Mteremkoni gari likawaka, likamtemea moshi mweusi kifuani. Nilimwona kwenye kioo. Picha hiyo nitazikwa nayo.

Mlangoni mwa ukumbi mjukuu kaninong'oneza: "Babu, ungekuja kwa miguu, ningepanda mgongoni." Nikajifanya nafuta miwani.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kaninyang'anya feni, chaja, kigawanyio na mlinzi. Sikubisha. Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona: betri ilikuwa peke yake. Nimenunua nyingine ndogo ya akiba, ya kuamshia gari likizimika. Huchajiwa kwa tundu la gari.

Iko humo sasa, inajaa polepole.