Farasi Chini ya Wanasesere Wenye Vipara

Jumatatu, 1 Desemba

Mitihani imekwisha, shule imekwisha, na leo nimepewa kazi. Dada Muhiba anaanza kazi kiwandani wiki ijayo. Mimi ndiye nitakayeshinda na mwanawe, Hikma, wa miaka mitatu.

Shida ni moja. Hikma akiniona hulia. Tangu wahamie kwetu Jericho kutoka Mombasa, mimi namchungulia nikiwa mlangoni, naye ananichungulia nyuma ya buibui la Bibi. Tukikutana macho, kilio. Muhiba amesema ikifika Jumapili mtoto bado ananiogopa, atampeleka kwa jirani alelewe huko. Alilisema kwa upole. Liliuma zaidi.

Bibi akauliza: wawili wenye haya, nani atamwamkia mwenzake?

Nina mpango. Nitamvuta kwa vitu vya kuchezea. Si vile vya plastiki vya dukani, vinavyovunjika kabla ya magharibi. Vya mitumba, vya zamani, ambavyo watoto wengine wamevipiga chini wakashindwa kuvivunja.

Jumanne, 2 Desemba

Sokoni. Musau, muuza mitumba, hufungua belo, lile robota kubwa, la vitu vya kuchezea kila Jumanne na Ijumaa. Nilifika mapema nikasimama kwenye foleni. Baadaye niligundua kwamba foleni yenyewe ilikuwa mimi peke yangu.

Belo lilipofunguliwa, wanawake waliingia kwa viwiko. Mbele yao Wangeci, niliyesoma naye, ambaye siku hizi huokota vitu vya kale na kuwauzia matajiri kupitia simu. Nilisema samahani. Nikasema tena. Wangeci akaniuliza kama nimekuja sokoni au nimekuja matangani, mbona nanong'ona.

Nilipofika mbele, alikuwa amebaki dubu asiye na uso. Nilimhurumia, nikamnunua.

Hikma amemwona. Sasa hulia akituona sote wawili, mimi na dubu.

Ijumaa, 5 Desemba

Leo nilitumia kiwiko. Kimoja, kidogo. Na nikampata: farasi wa mbao, ana magurudumu, ana kamba ya kumvutia, rangi imebanduka mgongoni pale ambapo mtoto fulani wa mbali alimpapasa miaka mingi.

Lakini belo likiwa jipya, Musau huuza vitu vizuri kwa bei ya kamera, yaani bei ya wateule. Jioni ndipo hupaza sauti kwamba sasa ni kufagia, na kila kilichobaki huenda kwa bei ya huruma. Nami nilitakiwa nyumbani kumsaidia Bibi pilau ya Ijumaa. Nikafikiri haraka. Nikamzika farasi chini ya rundo la wanasesere wabaya, wenye vipara, wengine bila mikono. Nani angepekua pale? Nilipika kwa furaha hata Bibi akauliza kama nimeposwa.

Nilirudi baada ya alasiri. Farasi alikuwa ananing'inia juu kwenye msumari, amepanguswa vumbi.

Musau alicheka akaniambia, siste, kila Ijumaa huwa anaanzia chini ya vipara. Wateja wake wote huficha pale pale. Yeye hana haja ya kuchambua belo, wanamchambulia bure. Wangeci akamnunua farasi mbele ya macho yangu, akanipungia mkia wa farasi. Akasema nisijali, yeye pia alizoea kuficha pale akiwa mdogo.

Musau akaanza kufagia. Alinionea huruma, akafungua gunia, akatia kipara kimoja akiniangalia. Nilitaka kukataa. Akatia cha pili. Nimerudi nyumbani na gunia zima.

Jumamosi, 6 Desemba

Muhiba alichungulia ndani ya gunia, akaomba Mungu atustahimilishe.

Niliwatoa uani nikawaosha kwenye karai, nikiwa nimewapa watu mgongo kwa aibu. Nikasikia maji yakirushwa. Hikma amechuchumaa upande wa pili, anamsugua mmoja kichwa kwa sabuni, kichwa ambacho hakina hata unywele. Sikumwangalia. Yeye hakuniangalia. Tukaosha. Tulipomaliza, akawatia wote matope, akanirudishia. Tukaosha tena. Tukaendelea hivyo hadi adhuhuri, aliponiamuru, khala, huyu hajatakata nyuma ya masikio.

Khala, mama mdogo. Mimi.

Jumatatu, 8 Desemba

Muhiba ameenda kazini. Hikma amelia kidogo, kisha akaja kunitafuta kwa hiari yake. Hivi ninavyoandika amelala mapajani mwangu, nguo zake mbichi, na mguu umekufa ganzi lakini sithubutu kuusogeza.

Bibi anasema wanasesere hawakufanya lolote. Mtoto alitaka mtu wa kukaa naye chini bila kumkodolea macho. Anasema gunia ningeliacha sokoni, karai na sabuni vingetosha. Namheshimu sana Bibi, lakini hajawahi kufungua belo. Ni wazi kwamba kazi imefanywa na vipara, na kama vipara vimefanya haya, farasi angefanya nini?

Kesho Musau anafungua belo jingine. Makosa yangu nimeyaona. Safari hii nitaficha chini ya magari yaliyovunjika. Pale hakuna aliyewahi kufikiria.