Kutekwa kwa Kiti cha Kando ya Jiko

Sogeeni, enyi wenye masikio mazima, na wenye masikio mabovu wakae mbele. Nawe pumzi yangu usinikatikie njiani, maana nataka kumsimulia Thrasivulos mwana wa Zikos, simba wa milima ya Epiro, mpiga chafya zitikisazo madirisha, na siku aliyokiteka kiti.

Katika mkahawa wa mama Labrini palikuwa na jiko moja la kuni, na kando yake kiti kimoja. Theluji iliposhuka, wazee walikigombania kwa kushindana maradhi, hata Labrini akachoka na kelele akatoa amri: kiti ni cha yule ambaye jina la ugonjwa wake, alilopewa na daktari, limebeba sehemu nyingi zaidi za mwili, na jina lisipotamkwa mbele ya jiko, halihesabiwi. Kudanganya hakukuwezekana. Majina ya madaktari ni Kigiriki, na wazee wale walikuwa Wagiriki. Waliyafumua kama fundi afumuavyo koti kuukuu.

Kiti kilikaliwa na Polizois, mfalme wa magoti yaliayo.

"Osteoarthritida!" alinguruma kila asubuhi. "Osteo, mfupa. Arthro, maungio. Itida, yamewaka moto. Sehemu mbili, mabwana! Mwenye zaidi asimame!"

Thrasivulos, ambaye fungu lake lilikuwa mlangoni penye upepo, alikuwa na mafua tu. Hata hivyo akajifunga skafu kama deraya, akauendea mlango wa zahanati. Daktari Evanthia, binti mwenye mikono baridi na ukweli baridi zaidi, akammulika kooni.

"Rinofaringitida, babu."

Shujaa akalifumua papo hapo. Rino, pua. Faringo, koo. Mbili kwa mbili. Na sare haimwondoi mtu kitini.

"Ewe binti wa elimu," akasema, "shuka chini kidogo. Kisanduku cha sauti hukukitazama vizuri."

"Nimekitazama. Kizima kabisa."

"Niongezee laringo tu, mwanangu. Kipande kidogo hicho."

"Babu, siuzi nyanya hapa nikakupa nyongeza. Kikiwaka nitakitaja. Hakijawaka, sikitaji."

Basi Thrasivulos akatoka, akapanda ukuta wa kanisa, akaelekeza kifua chake kwenye bonde lenye upepo, na kumtangazia vita mchungaji Gakis wa mlima wa pili, ambaye hakuwa amemkosea lolote.

"Gakis! Jibini lako lina ladha ya kamba!"

"Mbona mkeo analinunua?" likarudi jibu.

"Anawapa kuku!"

"Ndiyo maana kuku wako wana akili kukushinda!"

Wakapigana hivyo tangu kifungua kinywa hadi kengele ya adhuhuri, matusi yakiruka juu ya bonde kama mishale, hata sauti ya Thrasivulos ikapasuka, ikawa mkwaruzo, ikawa hewa. Akarudi zahanati kwa furaha. Evanthia akamulika tena.

"Sasa kimewaka. Rinofaringolaringitida. Umejitafutia mwenyewe, mtu mzima ovyo. Kunywa chai ya mlimani, na usiseme neno."

Sehemu tatu! Akaingia mkahawani kama jeshi zima, akasimama mbele ya jiko, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Ehee, taja basi!" Polizois akacheka hadi kahawa ikamwagika. "Jina lisilotajwa halihesabiwi! Rudi mlangoni, bubu wewe."

Jasho lilimtoka shujaa. Ushindi ulikuwa kooni mwake, na koo limefungwa. Ndipo akainua kidole, akakiweka puani.

"Rino," akasema Polizois, akiendelea kucheka.

Kidole kikashuka kooni. "Faringo."

Kikashuka tena, kikagota kwenye kifundo cha shingo. "Laringo," akasema Polizois, na sasa hakucheka; lakini vipande vilikuwa vimeshajipanga kinywani mwake, na hakuna Mgiriki aliyezaliwa awezaye kuviacha hivyo bila mkia. Thrasivulos akachezesha vidole kama ndimi za moto.

"Itida!" Polizois akabwata. "Rinofaringolaringitida!"

Polizois akajifunika mdomo, kwa kuchelewa.

"Limetamkwa mbele ya jiko," akasema Labrini, akifuta meza. "Na umelitamka vizuri. Inuka, bwana."

Ndivyo ilivyoanguka enzi ya Mfupa na Maungio, na ikaanza enzi ya Pua, Koo na Sauti, ambayo kijiji kinaikumbuka kuliko vita vyote vilivyopita mlimani pale. Naye mshindi, aliyekuwa na hotuba ndefu tayari kichwani, akakaa, akanyoosha miguu kwenye moto, asiseme neno.