Nani Anachezea Skrubu Yangu?

Jumatatu, 6 Mei 1996

Bosi wetu, Puan Saraswathy, hakumung'unya maneno. Mashine ya kuchambua kungumanga iwe tayari Alhamisi, mteja anakuja kutoka Balik Pulau. Ikifaulu, mimi mkuu wa karakana. Ikishindwa, nikatafute kazi kwingine.

Inatakiwa chipu ya kulinganisha volti mbili na kusema ipi kubwa. Zimejaa kwenye droo ya fundi mwenzangu, Teik Hooi. Nimwombe mtu anayekitaka cheo hicho hicho? Thubutu! Nimeweka chipu ya kukuza ishara, ile yenye kasi, iliyobaki kwenye kazi nyingine. Teik Hooi akachungulia. "Kaka Fadzli, hiyo soma karatasi yake ya maelezo kwanza. Ukurasa wa pili." Anataka kunipotezea muda. Sisomi.

Jumanne, 7 Mei

Nimefunga skrubu ya kipimo kwenye volti mbili. Kungumanga ikipita kwenye kihisi ikatoa chini ya hapo ni mbovu, upepo unaipuliza nje. Nikawasha, nikamwaga kungumanga, nikaenda kunywa chai. Kurudi, kipimo kiko tatu! Nzima zinatupwa! Nikazima, nikarudisha mbili. Nikawasha, nikageuka kupokea simu. Tatu tena! Teik Hooi anapiga mluzi. Asiye na hatia hapigi mluzi.

Jumatano, 8 Mei

Nimeziba skrubu kwa rangi ya kucha ya mke wangu, Rohani, kama mafundi wote tufanyavyo. Ikizungushwa, rangi inapasuka. Haikupasuka. Na kipimo kiko tatu! Basi anayo rangi ile ile. Nikamuuliza Rohani amempa nani rangi yake. Nitalala sebuleni.

Teik Hooi kaleta nasi kandar, wali na mchuzi, ya karakana nzima. Mimi peke yangu sikula. Ilinukia vizuri, mshenzi yule.

Alhamisi, 9 Mei

Aibu! Mbele ya mteja, Madam Khoo, ikapita kungumanga moja nono, kisha nzima zikaanza kuruka. Moja ikampiga kwenye miwani. Nikapaza sauti: muulizeni Teik Hooi!

"Kaka, hakuna aliyegusa skrubu yako," akasema, akafungua ukurasa wa pili. Ndani ya chipu, kati ya miguu miwili ya kuingizia, kuna diodi za ulinzi. Volti zikipishana sana, moja inaivuta nyingine. Kungumanga nono inapandisha kipimo, nacho hakishuki upesi, zinazofuata zinaonekana mbovu. Akatoa chipu kwenye droo, akahamisha nyaya mbili. Hazikutupwa tena nzima.

Bosi akauliza kosa la nani. "Letu sote, bosi. Mimi niliiona Jumatatu, nikanyamaza." Uongo mtupu! Aliniambia!

Cheo kapewa yeye. Mimi nimebaki na kazi.

Ijumaa, 10 Mei

Sikupata usingizi. Mtu hajitwiki kosa la mwenzake bure. Nimemwandikia bosi barua, droo ya Teik Hooi ipekuliwe, itafutwe rangi ya kucha.

Kalamu niliazima kwake. Aliitoa haraka mno.